Mtabiri Aliyekosea, Akalichapisha Kosa Lake

Ndugu msomaji, maongezi haya yalisikika redioni juma lililopita. Kama ilivyo ada yetu, tunayaweka hapa gazetini kwa ajili ya wale ambao saa ile walikuwa bado wanagombania daladala.

Kwa miaka mingi kazi yangu mojawapo imekuwa kusoma taarifa ya hali ya hewa baada ya taarifa ya habari. Ninyi mnajua maneno yake kuliko mimi: vipindi vya jua katika maeneo mengi, mvua nyepesi na ngurumo katika maeneo machache. Na mnajua pia jinsi mnavyonitendea mtaani. Mama mmoja muuza vitumbua hunisimamisha kila mvua inaponyesha siku niliyosema jua litawaka. Hunionyesha unga ulioloa kana kwamba ni mimi niliyefungulia mbingu. Huwa namwomba radhi, nanunua vitumbua viwili, naenda zangu.

Leo nataka kuzungumzia makosa ya aina hiyo. Nitazungumza hasa juu ya mtu mmoja aliyepiga hesabu ya hewa, akakosea vibaya sana, kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya. Lakini kwanza sina budi kuwaeleza aliyenikumbusha habari zake.

Jumamosi moja jioni mpwa wangu alikuja nyumbani. Huyu ni mtoto wa dada yangu, anasoma fizikia kwa shahada ya uzamili. "Shikamoo, mjomba," akasema, akaketi, akaweka begi la kompyuta miguuni, asiseme tena neno. Chai ilipoa. Hapo nikajua kuna jambo.

Mimi nina diploma ya uandishi wa habari, na hesabu niliziaga kidato cha nne bila machozi kwa upande wowote. Nilidhani msomi wa fizikia hushinda maabara na nyaya na mitungi. Kumbe siyo lazima. Maabara ya mpwa wangu ni ile kompyuta ndani ya begi. Anachojifunza ni kuzichukua sheria za maumbile, ambazo zimeandikwa kwa milinganyo ambayo mara nyingi haitatuliki kwa kalamu, na kuzivunja ziwe hesabu ndogo ndogo za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mashine huzirudia hesabu hizo mara mamilioni. Utaratibu huo wa hatua kwa hatua wao huuita algorithimu. Tasnifu yake inahusu Ziwa Victoria: upepo ukivuma kwa nguvu kutoka upande mmoja, maji yatapanda kiasi gani upande wa pili, na baada ya muda gani?

Kwa muda wa miezi saba aliandika programu yake. Wiki ile aliiendesha kwa mara ya kwanza kwa upepo wa siku nzima. Saa sita za kwanza maji yalitikisika vizuri. Baada ya hapo yakaanza kuruka. Hadi siku ya kwenye kompyuta inakwisha, kona moja ya ziwa maji yalikuwa yamesimama wima mita 300 kwenda juu.

"Mjomba," akaniambia, "ufadhili wangu unaisha. Jumatatu namwona msimamizi. Kuna mwenzangu ananishauri nikate grafu pale saa sita, zilizobaki nisizionyeshe. Nani atajua?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimsimulia habari ya Lewis Fry Richardson.

Habari hii nilisimuliwa nilipokuwa kijana redioni na mzee mmoja mtaalamu wa hali ya hewa, nilipomletea malalamiko ya wasikilizaji kuhusu mvua. Badala ya kukasirika alicheka, akasema, "Keti nikuambie juu ya baba yetu." Tangu siku hiyo kila nilipokuta maandishi juu ya Richardson nimeyasoma.

Alizaliwa mwaka 1881 huko Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, katika familia ya Wakweka, yaani wale tunaowajua kama Kanisa la Marafiki, ambao wana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Watu hawa imani yao inawakataza kushika silaha. Likumbukeni jambo hilo, maana litamfuata maisha yake yote.

Alisoma Cambridge, akamaliza mwaka 1903, kisha akafanya kazi hapa na pale. Kwa muda aliajiriwa na kampuni iliyochimba udongo wa mboji, ule unaokaushwa ukawashwa kama kuni. Huko aliulizwa swali: mifereji ichimbweje ili maji yatoke kwenye udongo huo? Sheria za maji yanayopita udongoni zilijulikana, lakini umbo la ardhi lilikuwa na kona na miinuko ambayo milinganyo ya vitabuni haikuiweza. Richardson akaamua kuacha kutafuta jibu lililo kamili kabisa. Aliikata ardhi katika miraba midogo, akaweka kanuni inayofunga kila mraba na majirani zake wanne, kisha akapiga hesabu mraba kwa mraba, akirudia na kurudia mpaka namba zitulie.

Mwaka 1910 alichapisha makala akitumia njia hiyo kwa jambo kubwa zaidi: nguvu zinazoukandamiza ukuta wa bwawa la Aswan kule Misri, bwawa la kwanza lililokamilika mwaka 1902. Maji yaliyokuwa yakiusukuma ukuta ule ni ya Mto Nile, mto ambao sisi tunaoishi kuzunguka Ziwa Victoria tunaujua tangu unapotoka. Katika kazi hiyo aliwaajiri vijana wa kumsaidia kupiga hesabu, akawalipa kwa kila nukta waliyoikokotoa kulingana na wingi wa tarakimu. Kijana mwepesi kuliko wengine alifanya hesabu 2,000 kwa wiki, zilizokosewa zikiwa zimetolewa. Richardson mwenyewe aliandika kuwa kilichowasumbua zaidi vijana wale ni kuchanganyikana kwa alama za kujumlisha na kutoa. Nilipofika hapo mpwa wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Alisema naye juma zima lilimpotea kwa alama moja ya kutoa.

Wakuu wa hesabu wa zama zile hawakuvutiwa. Kwao hesabu ya kukadiria haikuwa hesabu. Leo hii kazi kama ile ndiyo msingi wa somo ambalo mpwa wangu analitafutia shahada.

Mwaka 1913 Richardson akapewa kusimamia kituo cha Eskdalemuir, kule Scotland, chini ya idara ya hali ya hewa. Wakati huo utabiri ulikuwa kazi ya macho na kumbukumbu. Mtabiri alitazama ramani ya leo, akakumbuka ramani ya zamani inayofanana nayo, akasema kesho itakuwa kama ilivyokuwa siku ile. Richardson hakuridhika. Kabla yake, Vilhelm Bjerknes wa Norway alikuwa ameshasema kwamba hewa nayo inatii sheria za fizikia, hivyo mtu akijua ilivyo sasa na akizijua sheria hizo, anaweza kukokotoa itakavyokuwa. Bjerknes alitumia zaidi ramani na michoro. Richardson akaamua kuifanya kazi hiyo kwa namba tupu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingilia kati. Kama Mkweka hakukubali kupigana, lakini hakutaka pia kukaa salama ilhali wenzake wanakufa. Mwaka 1916 aliacha kazi, akajiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Marafiki, akapelekwa Ufaransa kuwabeba majeruhi wa jeshi la Ufaransa.

Ndugu msomaji, jaribu kumwona mtu huyu. Mchana au usiku anaendesha gari kwenye barabara zilizochimbuliwa na mabomu, nyuma yake watu wanalia kwa maumivu. Zamu ikiisha anarudi kwenye banda la baridi, anakaa juu ya rundo la majani makavu, anatoa rula ya kukokotolea na fomu alizozichora mwenyewe, anaanza kupiga hesabu ya hewa.

Siku aliyoichagua ilikuwa tarehe 20 Mei 1910, saa moja asubuhi kwa saa za Greenwich. Aliichagua kwa sababu ilikuwa mojawapo ya siku ambazo nchi kadhaa za Ulaya zilikubaliana kurusha maputo ya kupima hewa ya juu, na Bjerknes alikuwa amekwisha kuchapisha ramani za vipimo hivyo. Richardson aliigawa ramani katika miraba ya takriban kilomita 200 kila upande, na hewa akaigawa katika tabaka tano kutoka ardhini kwenda juu. Kisha akauliza: katika saa sita, mgandamizo wa hewa katikati ya Ujerumani utabadilika kiasi gani? Hesabu ya mahali pawili tu kwenye ramani ilimchukua karibu majuma sita.

Na hata baada ya hapo ilimpotea. Mapema mwaka 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, maandishi yake yalipelekwa nyuma ya mstari wa vita yakapotelea huko. Yalipatikana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe.

Sasa tuje kwenye jibu. Hesabu ilisema mgandamizo utapanda kwa milibari 145 katika saa sita.

Kwa msomaji asiyezoea vipimo hivi, mgandamizo wa kawaida kwenye usawa wa bahari ni kama milibari 1,013. Kimbunga chenye mgandamizo mdogo kuliko vyote vilivyowahi kupimwa baharini, kile cha Pasifiki cha mwaka 1979, kiliushusha hadi 870, yaani pungufu ya milibari 143 hivi. Kumbe hesabu ya Richardson ilikuwa inadai mabadiliko makubwa kuliko ya kimbunga hicho, katika nusu ya siku ya mchana, juu ya Ujerumani iliyokuwa imetulia. Na ukweli ulijulikana, maana siku ile ilikuwa imepita zamani. Mgandamizo ulikuwa haukubadilika kiasi cha kusema.

Yaani mita 300 za maji ya mpwa wangu.

Mtu angeweza kufanya nini? Angeweza kuzitia fomu zile motoni. Vita vilikuwa vimeshazificha mara moja. Angeweza kuchagua siku nyingine au mahali pengine, pengine bahati ingempa namba yenye sura nzuri. Angeweza kueleza njia yake kwa maneno tu bila mfano. Richardson hakufanya hata moja katika haya. Mwaka 1922 kitabu chake kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, na ndani yake mna sura nzima yenye hesabu ile, jedwali baada ya jedwali, namba zote, pamoja na jibu lile la aibu. Akasema mwenyewe kuwa jibu si sahihi. Akasema pia anadhani kosa limeingilia wapi: kwenye vipimo vya upepo alivyoanzia.

Ndani ya kitabu hichohicho aliweka ndoto yake. Aliwaza jumba kubwa la mviringo, ukutani pamechorwa ramani ya dunia nzima, na ndani yake watu 64,000 wameketi, kila kundi likikokotoa hewa ya eneo lake na kuwapasia majirani majibu. Katikati, juu ya mnara, amesimama msimamizi kama kiongozi wa kwaya. Wanaokwenda haraka huwamulika kwa taa nyekundu, wanaochelewa huwamulika kwa taa ya buluu. Wakati ule neno la Kiingereza tulilolifanya kompyuta lilikuwa jina la mtu, mpiga hesabu wa kuajiriwa. Richardson alihitaji watu 64,000 wa namna hiyo ili hesabu iende sambamba na hewa yenyewe.

Waliosoma kitabu walikisifu kwa ujasiri, wakakiweka kabatini. Kwa miaka mingi hakuna aliyejaribu tena.

Hapa mpwa wangu aliniuliza swali la haki: "Mjomba, kwani kosa lilikuwa wapi hasa?"

Nilimweleza kama yule mzee alivyonieleza. Fikiria uwanja wa mpira wenye milango pande zote. Watu wanaingia huku na kutoka kule kwa maelfu. Unataka kujua idadi ya waliomo inaongezeka au inapungua. Kama kwa dakika wanaingia 5,000 na wanatoka 4,990, ongezeko ni watu 10 tu. Sasa mhesabu wa mlangoni akikosea kidogo, akasema wametoka 4,800, utaamini kuna ongezeko la watu 200 kila dakika, na baada ya saa moja utatangaza kwamba uwanja unapasuka. Hewa ndivyo ilivyo. Mgandamizo hubadilika kwa tofauti ndogo kati ya upepo mwingi unaoingia na upepo mwingi unaotoka. Maputo ya mwaka 1910 yalikuwa machache na yenye makosa, na makosa yale yakajigeuza kuwa mawimbi makubwa ambayo hewa ya kweli haikuwa nayo.

Hayo tunayajua kwa hakika kwa sababu moja tu, kwamba namba zote zilichapishwa. Peter Lynch, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ireland, alizichukua namba zilezile zaidi ya miaka 70 baadaye, akazirudia kwa kompyuta. Kwanza alipata jibu lilelile la 145, ikathibitika kwamba Richardson, juu ya rundo lake la majani, aliipiga hesabu yake vyema. Kisha Lynch akazisawazisha kwanza namba za mwanzo, kuondoa yale mawimbi ya uongo, akaiendesha njia ileile. Badiliko likashuka hadi chini ya milibari moja, kama ilivyokuwa siku yenyewe.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao Richardson hakuufikia. Mwaka 1928 Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, wanahesabu wa Göttingen nchini Ujerumani, walionyesha kuwa hatua ya muda katika hesabu za namna hii ina mpaka wake. Ukiweka maziwa jikoni ukawa unachungulia kila baada ya saa tatu, usishangae kukuta jiko limezimika na sufuria ni tupu. Hesabu nayo hivyo hivyo. Kama wimbi linapita miraba kadhaa kabla hujaitazama tena, namba huanza kupanda hovyo mpaka mwisho. Mawimbi ya hewa aliyoyaacha Richardson ndani ya hesabu yake huenda kama mita 300 kwa sekunde. Hatua yake ilikuwa saa tatu, na katika saa tatu wimbi hilo huvuka zaidi ya kilomita 3,000, ilhali mraba wake ulikuwa wa kilomita 200. Kwa kuwa alipiga hatua ya mwanzo tu, mtego huo haukumnasa. Angeendelea, ungemnasa.

Mpwa wangu aliinuka kitini. Akafungua kompyuta, akatoa kalamu, akaanza kuandika nyuma ya bahasha ya bili yangu ya maji. Ziwa Victoria kina chake cha wastani ni kama mita 40. Wimbi kwenye kina hicho huenda karibu mita 20 kwa sekunde. Mraba wake ulikuwa wa kilomita tano, na hatua yake ya muda dakika kumi. Katika dakika kumi wimbi linakwenda kilomita 12. "Nimeruka miraba miwili na zaidi," akasema polepole. Kanuni hii alifundishwa darasani, akaijibu vizuri kwenye mtihani. Kuikuta ndani ya kazi yake mwenyewe lilikuwa jambo jingine.

Sasa turudi kwa Richardson tuone mwisho wake. Mwaka 1920 idara ya hali ya hewa iliwekwa chini ya wizara ya anga, iliyosimamia jeshi la ndege, naye akajiuzulu kwa sababu ya imani yake. Akawa mwalimu wa vyuo, na kuanzia mwaka 1929 mkuu wa chuo cha ufundi cha Paisley, Scotland. Miaka yake ya mwisho aliimalizia kwenye kuhesabu vita: akakusanya orodha ya mapigano ya dunia, akitafuta kwa namba kinachowafanya watu wauane. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1960, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Lakini ndoto yake ya jumba aliishi kuiona. Machi 1950, huko Aberdeen, Maryland, nchini Marekani, kundi la Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann lilipewa nafasi ya kutumia ENIAC, mashine ya tani 30 yenye valvu za umeme karibu 18,000. Klara von Neumann, mke wa John, ndiye aliyewafundisha jinsi ya kuiandikia mashine ile programu na kuikagua kazi yao. Walifanya kazi siku 33, usiku na mchana. Charney alikuwa amejifunza kwa Richardson, akachagua mlinganyo rahisi usioruhusu kabisa yale mawimbi yaliyomharibia mwenzake. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kukokotolewa, lakini ulifanana na hali halisi. Walimpelekea Richardson matokeo, naye akawapongeza. Alifariki Septemba 1953. Mwaka uliofuata Sweden ikaanza kutoa utabiri wa namna hiyo kwa kazi ya kila siku, na Marekani ikafuata mwaka 1955. Mwaka 2008 Peter Lynch na Owen Lynch waliweka hesabu ile ya ENIAC kwenye simu ya mkononi ya kawaida, ikaimaliza kwa muda usiofika sekunde moja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami ningependa nitoe mfano mmoja wa kosa lililosemwa, lakini waliopaswa kulisikia wakachelewa kusikia. Wakati wa Vita vya Ghuba, tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud la Iraq liliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda pale haukurusha kitu. Uchunguzi ulikuta chanzo ni hesabu ndogo mno. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Kwa namba za sifuri na moja, ambazo ndizo lugha ya kompyuta, sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama sisi tunavyoshindwa kuandika theluthi moja kwa desimali: 0.333 na kuendelea. Mtambo ulikata mkia. Kosa la kila hesabu lilikuwa dogo sana, lakini mtambo ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100, na kosa likafika theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo Scud huenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kombora. Waisraeli walikuwa wametoa taarifa wiki mbili kabla kwamba mtambo ukikaa umewashwa muda mrefu hupoteza shabaha. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari. Siku moja.

Nilipomaliza, mpwa wangu alinyamaza. Nikamwongezea la kwangu, ambalo sijawahi kulisema redioni.

Miaka mingi iliyopita nilisoma habari ya ajali ya basi. Waliokufa walikuwa wanne. Macho yangu yaliteleza, nikasoma kumi na wanne. Niligundua nikiwa bado nimeshika karatasi. Mwenzangu wa zamu aliniambia niliache, nitaje idadi sahihi kwenye taarifa ya saa inayofuata bila kusema kwamba nilikosea. Nilifanya hivyo. Wiki moja baadaye mzee mmoja alinifuata mpaka mlangoni pa kituo. Mwanawe alikuwa katika basi lile, akapona. Mzee aliniambia kwamba saa ile nzima aliketi kwenye ngazi za hospitali akiwa amekwisha kumzika mwanawe moyoni, na aliposikia wanne hakujua aamini taarifa ipi. Hakunitukana. Alitaka tu kujua kwa nini sikusema.

"Msimamizi wako anaweza kukasirika Jumatatu," nilimwambia mpwa wangu. "Mimi sijui mambo ya chuo. Lakini siku moja mtu atajenga gati au atapima nyumba za wavuvi kwa kutegemea grafu yako, na huyo hatajua kwamba uliikata saa sita."

Aliondoka usiku. Siku zilizofuata alipunguza hatua kutoka dakika kumi hadi dakika moja, kisha akaipunguza tena nusu, akalinganisha majibu mawili. Hiyo nayo ni njia inayobeba jina la Richardson: ukikokotoa kwa hatua kubwa na tena kwa hatua ndogo, tofauti ya majibu hayo inakuonyesha uko mbali kiasi gani na ukweli, na hata inakusaidia kusogea karibu zaidi. Ziwa lake sasa halirushi maji. Linapanda na kushuka kwa sentimita chache, kama ziwa. Bado kuna ghuba moja ambako namba hazimridhishi, na ameandika hivyo. Ameweka pia sura fupi inayoonyesha zile mita 300 na sababu yake, ili atakayekuja nyuma asipoteze miezi saba.

Wenzake wamemwambia sura hiyo itamponza, kwamba anawapa watahini fimbo ya kumchapia. Atahojiwa mwezi ujao. Siwezi kukuahidi, ndugu msomaji, kwamba watamsifu. Richardson naye hakusifiwa haraka. Alisubiri miaka 28. Ila wahenga hawakukosea waliposema kupotea njia ndiko kujua njia, mradi aliyepotea awaonyeshe wengine pale alipopotelea.

Nami leo usiku nitasoma tena taarifa ya hali ya hewa. Wataalamu wanasema kesho asubuhi kutakuwa na jua. Ikinyesha, mama wa vitumbua anajua atakaponikuta. Hadi juma lijalo, kwaherini.